Roboti wa mishipa ya ubongo hafanyi kazi peke yake

Mhariri,

Wengi wakisikia roboti anatibu ubongo hudhani fuvu linafunguliwa. Halifunguliwi. Daktari hutoboa mshipa wa damu kwenye kinena au kifundo cha mkono, hupitisha mrija hadi shingoni, kisha ndani yake huingiza mrija mwembamba zaidi unaotangulizwa na waya wenye unene wa milimita 0.36, macho yakiwa kwenye picha ya eksirei. Novemba 2019, katika hospitali ya Toronto Western nchini Kanada, Dkt. Vitor Mendes Pereira na wenzake walitumia roboti kuziba sehemu ya mshipa iliyotuna ndani ya ubongo.

Roboti huyo ni mkono wa mashine uliofungwa kando ya kitanda. Waya hupita kwenye kaseti, yaani kisanduku kinachotumika mara moja na kutupwa. Humo ndimo unamosukumwa, kuvutwa na kuzungushwa, milimita moja moja ikibidi. Daktari anaketi pembeni nyuma ya kinga ya mionzi, ameshika vijiti vya kuongozea mashine, bila aproni nzito ya madini ya risasi inayomuumiza mgongo.

Shida ni hisia. Mrija ukifika kwenye kona kali hujikunja na kukaza kama springi: unausukuma, ncha haisogei. Ukivuta waya kidogo tu, mrija hufyatuka mbele na unaweza kupasua mshipa, damu ikamwagika ubongoni. Vidole vizoefu huuhisi mkazo huo mapema. Kijiti hakikwambii kitu. Kwa hiyo jicho lisibanduke kwenye skrini, na mrija urudishwe nyuma mpaka ulegee kabla waya haujaguswa.

Kutoboa mshipa, kutoa viputo vya hewa mirijani kwa maji ya chumvi, kubadilisha vifaa kwenye kaseti: hizo ni kazi za aliyevaa glavu kando ya kitanda. Mashine ikigoma, ndiye anayeifungua ili kazi iendelee kwa mkono. Mwaka 2018 huko India, Dkt. Tejas Patel alizibua kwa roboti mishipa ya moyo ya wagonjwa watano akiwa umbali wa kilomita 32 hivi, lakini timu ilikuwa chumbani pamoja nao.

Kiharusi cha mshipa mkubwa kuziba huua takriban seli milioni 1.9 za ubongo kila dakika. Hospitali inayomtamani roboti ianze na CT scan inayofanya kazi hata saa nane usiku, chumba cha angiografia (picha za eksirei za mishipa ya damu), na wauguzi waliofundishwa kuandaa mirija hiyo. Bingwa wa mbali hawezi kugusa kijiti kabla wao hawajamaliza.

Wasomaji wako,
Dar es Salaam