Mwanangu, hiyo "pombe" kwenye notsi zako siyo makosa

Mwanangu, habari za huko. Meseji yako ya juzi usiku niliisoma nikacheka peke yangu mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Uliandika, "baba, lekchara katuandikia Schizosaccharomyces pombe, amekosea kuchapa au anatutania?" Hajakosea, wala hatanii. Ni pombe hii hii yetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Paul Lindner, aliichunguza pombe ya mtama iliyotoka huku Afrika Mashariki, akakuta humo hamira ya aina yake, akaipa jina la kinywaji chenyewe. Kwa hiyo leo Wajapani, Waskoti na kina nani sijui wote wanatamka neno la bibi yako wakiwa wamevaa makoti meupe. Bibi mwenyewe nilipomsimulia akauliza tu, "wamemlipa nani?"

Swali lako la pili ndo limenifanya niandike maana kwa simu mtandao unakatakata: seli inajuaje kwamba muda wa kugawanyika umefika? Mi nimefundisha baiolojia miaka yote ile na nakiri, nilikuwa nawaambia watoto "seli ikikua inagawanyika", nageukia ubao naendelea, kama vile nimeeleza kitu.

Hamira ya mama yako ya maandazi ni nyingine, ile inachipua, katoto kanatokea ubavuni kama jicho la kiazi. Hii ya pombe haichipui. Ni kama kasoseji, inarefuka tu, unene uleule, ikifika kama mikroni 14 (mikroni elfu moja ndo milimita moja) inajikata katikati zinapatikana mbili za saba saba, nazo zinaanza kurefuka upya. Kwenye joto na chakula kizuri mzunguko mzima ni kama masaa mawili na nusu hivi. Na usije ukaandika kwenye mtihani kwamba maandazi yanaumuka kwa sababu hamira imezaliana! Kwa lile lisaa la kusubiri hazijaongezeka kihivyo, kinachoinua unga ni gesi zinayotoa zikila sukari.

Sasa hiyo 14 nani kaipangia? Hapo anaingia Paul Nurse, Mwingereza aliyekuwa Edinburgh huko Uskoti miaka ya sabini, anatafuta seli zenye hitilafu, akakutana na vijiseli vifupi vinagawanyika vikiwa karibu nusu ya urefu wa kawaida. Akaviita wee, ambayo kwa Waskoti ni "kadogo". We fikiria, ukiharibu jeni unategemea seli ichelewe au ife kabisa, hii imewahi. Gari likikimbia kuliko kawaida baada ya kuharibika, basi kilichokufa ni breki. Breki yenyewe ni protini ya Wee1, na inayozuiwa na breki hiyo ni protini nyingine, Cdc2, hiyo ndo injini ya kuisukuma seli igawanyike. Cdc2 nayo kaipata kwa bahati, sahani moja ya kuoteshea seli ilikuwa imeota ukungu akaitupa kwenye pipa, baadaye roho ikamsuta akarudi kuiokota, na humo ndimo ilimokuwa seli yenye cdc2 iliyobadilika. Mwaka 1987, akiwa London, maabara yake ikachukua jeni ya binadamu ya kazi hiyohiyo ikaiweka kwenye seli ya hamira ya pombe ambayo cdc2 yake ni mbovu, na seli ikagawanyika kama kawaida. Tuzo ya Nobel ya 2001 akaipata pamoja na wanasayansi wenzake Hartwell na Hunt. Mi hiyo ya 1987 kila nikiikumbuka nasisimka zaidi ya hiyo Nobel.

Haya, mazingira. Ile 14 siyo sheria, inategemea kwenye chungu kuna nini. Ukizitoa seli kwenye chakula kinono ukazipeleka kwenye chakula chenye naitrojeni ya kubabaisha, mtu anategemea zisite kwanza. Wapi! Zinaharakisha, hata zile ambazo zilikuwa bado fupi zinajikata, na kizazi kinachofuata kinakuwa kifupi. Geuza sasa, zitoe kwenye njaa zipeleke kwenye shibe, hapo ndo zinasimama, hazigawanyiki kwa muda, zinarefuka kwanza mpaka zifike kipimo kipya cha huko. Mimi nilikuwa nafikiria kinyume chake kabisa miaka yote.

Inayopeleka habari za chakula ndani ni protini inaitwa TOR. Chakula kipo, TOR inachapa kazi na breki inabaki imekazwa, naitrojeni ikipungua TOR inapoa, breki inalegea. Jina limetokana na dawa ya rapamycin, iliyopatikana kwenye udongo wa kisiwa cha Rapa Nui huko Pasifiki, na TOR yenyewe ilianza kujulikana 1991 kule Basel, Uswisi, kwenye hamira hii ya maandazi. Na wewe unayo mwilini, mimi ninayo.

Naitrojeni ikiisha kabisa ni habari nyingine. Zinagawanyika tena kidogo bila kukua, zinabaki fupi za mviringo, halafu zinasimama kabla hazijanakili DNA. Kama jirani kuna ya jinsi nyingine zinaungana zinatengeneza mbegu nne ngumu ndani ya kifuko kimoja. Kama hakuna, zinakaa. Wiki na wiki zinakaa, hazigawanyiki, hazifi.

Unakumbuka lile tope la kahawia chini ya mtungi wa bibi? Hakuwahi kununua hamira yule. Anayakausha machicha, anayaweka kwenye kibuyu juu ya dari, mwezi ukipita anakorogea kwenye uji wa kimea asubuhi na jioni unasikia mtungi unachemka bila moto. Nikiwa mdogo nilijua ni dawa ya mganga, kumbe ni hamira zilizokuwa zimelala humo.

Ijumaa nakutumia kachupa ka tope hilo kwa basi. Omba maikroskopu, weka tone moja, zenye kichipukizi ni ndugu za maandazi, ukiona kijiti chenye ukuta katikati hiyo ndo ya pombe, nipigie hata kama ni usiku, ingawa sikuahidi utakikuta maana humo kwenye mtungi kuna wadudu wa kila aina. Kifuniko sitakikaza. Mwaka ule nilimpelekea baba yako mdogo nikakaza, chupa ikapasuka kwenye begi la shangazi njiani, akafika msibani ananuka kama kilabu. Kwa hiyo ukiipokea kwa konda ishike wima, usiitingishe.

Baba yako