Yule bibi usimfanye mchawi

Kirumba, Mwanza

Kulwa ndugu yangu,

Habari za Dar, habari za mama na watoto? Huku sote wazima. Skripti ya muvi yako ya kutisha niliipata na nimeisoma yote. Kuna kurasa zimenitisha kweli, hasa pale mtumbwi unaporudi ufukweni hauna mtu na karabai bado inawaka. Hapo umepatia. Lakini nina neno kuhusu yule bibi, na nimeona niliandike, maana kwenye simu tungekatizana.

Vijana watano wanatoka Dar kuja kisiwani Ukerewe, mmoja mlevi, mmoja mbabe, mmoja mcha Mungu. Bibi mwenye macho mekundu anawatokea njiani, na mwisho tunaambiwa ndiye mchawi. Kulwa, watazamaji wa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi mtaani, huku watakuwa wamemaliza kazi kabla muvi haijafika katikati. Unawajua. Mmoja atasema huyu anayeingia ndani peke yake kwisha habari yake, mwingine atamjibu stering, yaani mhusika mkuu, hafi. Na kama muvi ni ya nje, DJ aliyetafsiri naye anaingilia, anamuuliza yule msichana wa Kimarekani anafuata nini gizani. Tumekulia kwenye kuitazama muvi na kuisema papo hapo. Ndiyo maana zile muvi za kutisha zinazojijua, zinazotoa kanuni zao wenyewe na kuziweka mezani, naona zinatuhusu sana, na ningependa uzitazame upya kabla hujaanza kushuti.

Anza na Scream ya Wes Craven, ya 1996. Msichana yuko peke yake nyumbani, anatengeneza bisi jikoni, simu inalia. Ni Drew Barrymore, jina kubwa, sura yake iko kwenye bango, kwa hesabu za kibandani huyo ndiye stering. Anayepiga simu anamuuliza maswali ya muvi za kutisha, na mpenzi wake amefungwa kwenye kiti huko nje, roho yake inategemea majibu. Muuaji kwenye Friday the 13th ni nani? Anajibu bila kufikiri: Jason! Kibanda kizima kingejibu Jason. Lakini kwenye ile ya kwanza, ya 1980, anayeua ni mama yake Jason. Mwanawe anashika kazi kuanzia ya pili. Basi mpenzi anauawa, na yeye mwenyewe hachukui muda anafuata. Muvi ndiyo kwanza imeanza na bango limekufa.

Baadaye kuna Randy, kijana wa duka la video, anasimama kwenye sherehe kuwasomea wenzake kanuni za kubaki hai: usilale na mtu, usilewe wala kuvuta, na usithubutu kusema "narudi sasa hivi." Anazijua zote. Sehemu ya pili, 1997, wanamuua naye, mchana kweupe, chuoni, watu wanapita. Hapo ndipo ninapomheshimu Craven. Angeweza kumwachia mtazamaji ile raha ya kujua, akatulia nayo. Alimnyang'anya, na hofu ikarudi mahali pake.

The Cabin in the Woods ya Drew Goddard, iliyotoka 2012, imekwenda mbali zaidi, na hii ndiyo nataka uitazame ukiwa na kalamu. Vijana watano kama wako. Chini yao kuna ofisi, watu wamevaa mashati na tai, wanakunywa kahawa na kuwekeana dau ni zimwi gani litawaua. Kuna mahali kijana mmoja, Curt, anasema jambo la akili kabisa: tusiachane, tukae pamoja. Ofisini mtu anabonyeza, hewa inapulizwa kutoka ukutani, na Curt yuleyule anageuka kusema tugawanyike. Binti mwingine wamempunguza akili kwa dawa ya nywele. Kila mtu analazimishwa kuwa kile ambacho hadithi inamtaka awe, malaya, mbabe, msomi, mjinga, bikira, kwa sababu waliolala chini ya ardhi wanadai kafara kwa utaratibu waliouzoea. Wasipopewa hivyo wataamka. Hao waliolala ni sisi tuliolipa kiingilio.

Sasa jiulize ni nani aliyempulizia hewa yule bibi wako.

Kuna nyingine ya kuchekesha, Tucker and Dale vs. Evil ya 2010. Marafiki wawili wa shamba wanakwenda kukarabati kibanda chao porini. Wanafunzi wa chuo wanaziona nguo zao na nyuso zao, wanaamua hawa ni wauaji. Tucker anakata gogo lenye nyuki ndani, nyuki wanamvamia, anakimbia huku msumeno wa mnyororo unanguruma mkononi. Kijana mmoja anamwona, anatimua mbio hovyo hadi anajichoma kwenye mti uliovunjika. Hakuna aliyemgusa. Wanakufa hivyo mmoja baada ya mwingine, kwa hofu waliyofundishwa kuiona kwenye sura ya mtu.

Kwetu sura hiyo ni ya bibi kizee. Bibi yangu mzaa mama alipika maisha yake yote kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha, kuni zikikosekana ni samadi kavu ya ng'ombe. Alikuwa anainama kupuliza moto, jicho moja kalifumba, machozi yanamtoka, anayafuta kwa ncha ya khanga na kuendelea kusonga ugali. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya huyo uliyemwandika. Ni moshi, Kulwa. Na Usukumani kote, Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho hayo: mtoto amekufa, mganga amepiga ramli, kidole kimeelekezwa kwenye nyumba ya mwisho kijijini. Jason hana jirani wa kumwogopa kesho asubuhi. Bibi huyu anao. Siwezi kukusaidia kutengeneza muvi itakayompa jirani huyo sababu moja zaidi.

Sisemi uache kutisha. Mussa Banzi, mtengeneza muvi wetu, alishatuonyesha kwa muvi zake Nsyuka na Shumileta kwamba Mtanzania anaogopa cha kwao. Ninachosema ni umpe bibi kazi nyingine, na njia ninayo.

Tazama Get Out ya Jordan Peele, ya 2017, iliyompa Oscar ya uandishi. Kanuni ya zamani Marekani ni kwamba mtu mweusi hafiki mwisho. Mwaka 1968, kwenye Night of the Living Dead, Duane Jones, mwigizaji mweusi, anapambana na wafu usiku kucha, anabaki hai, asubuhi wanaume wenye bunduki wanamdhania mfu na kumpiga risasi. Peele anaijua historia hiyo. Ndiyo maana taa za gari la king'ora zinapomulika mwishoni, Chris, kijana mweusi ambaye ndiye stering, kainua mikono, roho inakutoka kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Lakini rudi mwanzoni, miti inapita dirishani. Wimbo unaosikika, wa Michael Abels, unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, na unaimbwa kwa Kiswahili. Wahenga wanamwambia Chris akimbie. Kumbi zima za Marekani zilisikia sauti nzuri za kutisha tu. Sisi tulikuwa tumeshaonywa. Kwenye muvi hizi kila mara yupo mtu anayetoa onyo na stering hamsikilizi, na safari hii mtoa onyo anaongea kama sisi.

Basi fanya hivyo na bibi. Aongee Kikerewe kitupu, na usiweke maandishi chini. Awaambie vijana wasivuke upande ule na kwa nini, waziwazi, neno kwa neno. Wao wa Dar wataona macho mekundu, wataona mkono unaotetemeka, watamkimbia na kuingia palepale alipowakataza. Mtu wa Nansio, hukohuko Ukerewe, aliyeko kibandani atakuwa anapiga kelele, kwa sababu ameelewa. Kile kilicho majini kiache kama kilivyo, kinatosha.

Ukurasa wa tukio hilo nauomba kwanza, kabla hujatafuta waigizaji. Kwa Kikerewe usihangaike: jirani yangu anayeuza dagaa pale Mwaloni kwao ni Ukerewe, na ameshakubali kukaa nami tuyapitie maneno ya bibi moja moja. Anachotaka kujua ni kama bibi anakufa. Mimi nimemwambia asife, ila uamuzi ni wako, niandikie.

Msalimie mama sana.

Rafiki yako wa Kirumba