Somo la Zakayo lisiishie mtini

Mhariri,

Wimbo wa Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Yeriko katika Injili ya Luka, unaimbwa karibu katika kila shule ya Jumapili, na pengine ndiyo sababu hadithi yenyewe hufundishwa nusunusu. Muulize mtoto wa miaka minane Zakayo alikuwa nani, atakwambia alikuwa mfupi, alipanda mti, akaambiwa ashuke. Muulize alipofika chini alifanya nini, utaona anamtazama mwenzake. Hadithi ina mistari kumi, Luka 19:1-10, na mitano ya mwisho yote ni ya baada ya kushuka: mgeni anakaribishwa kwa furaha, umati unanung'unika, nusu ya mali inakwenda kwa maskini, walionyang'anywa wanaahidiwa malipo mara nne, na Yesu anasema wokovu umefika nyumba ile. Mwalimu anayefunga kipindi mtini amewafundisha watoto kupanda mti.

Lakini hata wanaofika mwisho wa hadithi, wengi huipindua. Wanasema Zakayo alitubu, kwa hiyo Yesu akampenda. Luka hakuandika hivyo. Mstari wa 5 Yesu anamwita kwa jina na kumwambia leo atakuwa mgeni wake. Ahadi ya kurudisha mali iko mstari wa 8. Katikati hapo hakuna sharti lolote. Mpangilio huu ukigeuzwa, mtoto aliyechukua penseli ya jirani anatoka darasani akiamini kwamba Mungu amemnunia mpaka airudishe, na mtoto anayeamini hivyo huificha penseli. Kwa hiyo swali la kwanza baada ya kusoma liwe hili: Zakayo alikuwa amemrudishia nani pesa kabla hajaitwa? Waache watafute wenyewe. Mmoja atasema alitaka kumwona Yesu, na hilo ni kweli, mpongeze. Kisha uulize tena habari ya pesa.

Peremende nazo zinaharibu somo hili kuliko masomo mengine. Ukimpa peremende anayejibu vizuri au anayetulia, umefundisha kwa mkono kinyume cha unachosema kwa mdomo. Kama kuna cha kugawa, kigawe mwanzoni, kwa wote, hata kwa yule anayevuta viti, kabla hakuna aliyefanya lolote. Wakiuliza ni kwa nini, usieleze. Ukifika mstari wa 5 wakumbushe walipewa lini.

Hapa Kenya kuna ugumu wa ziada ambao miongozo iliyochapishwa ng'ambo haiwezi kuujua. Zakayo ni jina la utani ambalo wakosoaji wa Rais William Ruto walimbandika kwa sababu ya kodi, na katika maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha "Zakayo shuka" ilikuwa kaulimbiu ya barabarani. Watoto wanayajua maneno hayo. Ukitaja tu jina, darasa la miaka kumi linacheka na nyuma mtu anapiga kelele. Kuwanyamazisha hakufai, na kuingia katika siasa hakufai zaidi, maana wazazi wao wako pande zote. Dakika moja inatosha: sema kwamba ndiyo, mmelisikia jina hili barabarani, sasa tumsikie mwenyewe. Kisha usome. Wale wakubwa wataona bila kuambiwa kwamba anayesema "shuka" katika Luka anataka kuingia nyumbani kwa mtu na kula naye.

Kwa sababu hiyohiyo, usiseme kutoza kodi ni dhambi. Katika darasa lako huenda kuna mtoto ambaye mamake anafanya kazi KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Luka mwenyewe ameshalijibu hilo katika sura ya 3: watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Kosa la Zakayo ni hiyo zaidi.

Mti usipite bila kuonyeshwa. Ni mkuyu, uleule unaoota kando ya mito yetu, wenye shina nene na matunda yanayoning'inia kwa vishada kwenye shina na matawi. Unapenda joto, na Yeriko iko chini ya usawa wa bahari kwa mita 250 hivi. Matawi yake huanzia chini na kutanuka, ndiyo maana mtu mzima mwenye kanzu aliweza kuupanda. Mtoto wa mjini anayefikiria mnazi ataona hadithi haiwezekani. Tafuta tawi moja lenye majani, au hata tunda, uwapitishie mkononi.

Katika kuigiza, tafadhali walimu, msimchague mtoto mfupi kuliko wote awe Zakayo. Jina hilo litamfuata mpaka amalize shule, na wakati wote wa igizo hatasikia neno la upendo, atasikia vicheko. Chagua yeyote, achuchumae nyuma ya wenzake waliosimama mistari miwili begani kwa bega. Hapo hata mrefu haoni kitu. Wala msimpandishe juu ya kiti cha plastiki, kinateleza kwenye saruji. Benchi pana lililobanwa ukutani, mwalimu msaidizi ameshika mkono wa mtoto, basi. Wengine wote wawe umati, na kazi yao kubwa iwe kunung'unika mstari wa 7. Wanaipenda sana sehemu hiyo. Waache wanung'unike hasa, kisha wasimamishe ghafla na uulize: mlikuwa mnamkasirikia nani, Zakayo au Yesu? Jibu litagawanyika na mjadala utajiendesha.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo moyo wa kipindi. Mtoto wa chini ya miaka tisa hashiki "nusu" na "mara nne" kwa masikio, anashika kwa macho. Tumia maharagwe makavu 60. Zakayo apewe 40, hiyo ndiyo mali yake ya awali. Watoto wanne wawe wasafiri wanaoingia mjini, kila mmoja na 5. Ushuru halali ni punje 1, lakini Zakayo anamtoza kila mmoja 2. Amekusanya 8, punje 4 anatia katika kopo la Roma, yaani la serikali iliyotawala wakati huo, 4 za wizi anazitupia kwenye rundo lake, ambalo sasa lina 44. Hapo Yesu anamwita, anaingia kwake, wanakaa. Zakayo anasimama. Nusu, yaani 22, anawapa watoto waliowekwa kuwa maskini. Amebaki na 22. Kila msafiri aliibiwa 1, kwa hiyo anarudishiwa 4. Wanne mara nne ni 16. Rundo la Zakayo limebaki na punje 6.

Hesabuni kwa sauti, punje moja moja, msiharakishe. Msafiri aliyeingia na 5, akatozwa 2, akabaki na 3, sasa ana 7. Ana nyingi kuliko alizokuja nazo, na uso wake utaonyesha.

Mchezo huu huharibika kwa njia moja kubwa: mwalimu anabuni hesabu papo hapo. Akimwacha Zakayo atoze darasa zima la watoto ishirini, punje mbili za ziada kwa kila mmoja, ameiba 40, na deni la mara nne ni 160. Maharagwe yanaisha katikati, na watoto wanahitimisha kwamba Zakayo aliahidi uongo. Kanuni ya kuepuka hilo ni rahisi: mtu anayetoa nusu ya mali kisha kulipa mara nne anaweza kumaliza deni lake kama tu kilichoibwa hakizidi thumuni, yaani sehemu moja ya nane, ya mali yote. Katika hesabu yetu thumuni ya 44 ni 5 na nusu, naye ameiba 4. Ukibadili idadi ya watoto, pima hilo kwanza nyumbani. Wenye miaka 12 wape kanuni yenyewe waitafute, ni hesabu ya kiwango chao.

Kwa watoto wa chini ya miaka mitano usitumie maharagwe kabisa. Wanayatia puani, na yakipata unyevu yanavimba. Vifuniko vikubwa vya plastiki vinafaa zaidi, na kwao acha mara nne, onyesha kurudisha tu.

Kwa nini mara nne? Swali hili huja, na jibu la "alifurahi sana" halitoshi. Katika Kutoka 22:1 mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza alilipa kondoo wanne. Lakini Hesabu 5:7 inamtaka mtu anayekiri kosa lake arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu juu yake. Zakayo alisema kwa hiari yake, mbele ya watu, naye akajipimia kipimo cha mwizi aliyekamatwa. Kwa punje moja iliyoibwa, moja na kipande kidogo ingetosha. Yeye alitoa nne. Mabadiliko ya mtu yanaonekana hapo, na mtoto wa miaka kumi analielewa vizuri kabisa ukiliweka mezani kwa punje.

Baada ya hapo mwalimu huingia katika kishawishi cha kuuliza, "Nani kati yenu ameiba kitu?" Asifanye hivyo kamwe. Kitakachofuata ni watoto kutajana, na mmoja kulia. Wape dakika mbili za kimya kila mmoja afikirie kitu kimoja alichochukua, au uongo mmoja aliousema, na mtu wa kumrudia. Hakuna kuandika, hakuna kusema. Mifano itoe wewe, iwe ya kawaida: kifutio, chenji ya dukani, mpira wa jirani uliofichwa, lawama aliyosukumiwa mdogo wake. Mtoto hana mali ya kulipa mara nne na asidaiwe. Chenye kurudishika kirudishwe, na mandazi yaliyokwisha kuliwa yalipwe kwa kazi: kuteka maji, kuosha vyombo, zamu ya mwenzake.

Wazazi waarifiwe kabla, kwa ujumbe mfupi wa simu Ijumaa: huenda mtoto wako akakukiri kosa Jumapili jioni, tafadhali usimchape. Akichapwa kwa kusema kweli, somo limekwisha hapo na halitarudi.

Kuna jambo moja zito zaidi. Hadithi ya mkosaji aliyesamehewa na kutembelewa nyumbani inaweza kumfanya mtoto anayeumizwa na mtu mzima afikiri kwamba anadaiwa kumsamehe na kunyamaza. Sema wazi kwamba Yesu hakumwambia aliyeibiwa anyamaze. Aliyekosa ndiye aliyesimama akasema na kulipa, na wenzake wote wakasikia. Somo lifundishwe na watu wazima wawili. Mtoto akikusogelea baadaye na siri ya namna hiyo, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, usimhoji kwa maswali mengi, usiende kumkabili mtuhumiwa. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, na upige 116, simu ya bure ya watoto nchini, mchana au usiku.

Wakubwa wa darasa waongezewe Luka 18:18-23, ukurasa mmoja nyuma. Yule tajiri mwingine alikuwa ameshika amri tangu ujana, akaja kwa miguu yake, akaambiwa auze vyote, akahuzunika sana. Waulize ni nani kati ya wawili hao mwalimu wa shule angempenda zaidi. Wadogo msiwachanganyie, hadithi moja inawatosha.

Yote haya hayaingii katika nusu saa. Dakika 45 zinagawanyika hivi kwa uzoefu wa walimu: tano za kutulia, nane za kusoma na swali la kwanza, kumi na tano za igizo na maharagwe, kumi za kurudisha, tano za mstari wa kukariri, mbili za sala. Mstari uwe Luka 19:10, maneno kumi na moja tu, na wadogo wachukue kuanzia "alikuja kutafuta na kuokoa". Muda ukipungua, punguza wimbo, usipunguze kurudisha.

Tunachowaomba wanaopanga ratiba za shule za Jumapili ni Jumapili mbili kwa Zakayo badala ya moja. Ya pili haihitaji maandalizi makubwa: someni tena mistari ya 8 na 9, muulize ni akina nani walijaribu, waliojaribu wakashindwa waseme kilichowazuia, na asiyetaka kusema aachwe. Mara nyingi kilichowazuia ni kwamba mwenye kitu amehama shule, au mzazi alikasirika, na hayo mwalimu anaweza kuyashughulikia wiki hiyohiyo.

Walimu wa shule ya Jumapili,
Nakuru