Malalamiko kuhusu kipimajoto cha nyama kinachozidisha joto

Nairobi,
9 Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana au Bibi,

KUH: KIPIMAJOTO KISICHOTUMIA WAYA KINACHOSOMA JOTO LA JUU KULIKO LILILOPO

Mwezi wa Machi mwaka huu nilinunua dukani kwenu, kwa Sh14,500, kipimajoto cha nyama kisichotumia waya, ambacho kijiti chake huchomekwa kwenye nyama na kutuma kipimo cha joto kwenye simu. Nakala za risiti na kadi ya dhamana nimeziambatisha. Kifaa hicho kinaonyesha joto linalozidi lile lililo ndani ya nyama. Nilipokirudisha, fundi wenu alikipasisha kwa kipimo kisichofaa hapa Nairobi, nanyi mkakataa kunirejeshea pesa kwa kutegemea kipimo hicho.

Nyumbani kwetu tunachoma nyama karibu kila Jumapili. Kwa mbuzi sihitaji kifaa chochote: jicho na kisu vinatosha, na mbavu zikiiva kila aliye karibu na jiko anajua. Kuku ndiye mwenye taabu. Ngozi hupata rangi nzuri mapema, na huku paja, pale linapoungana na mgongo, bado halijaiva. Mama yangu anapata matibabu ambayo yamepunguza kinga yake ya mwili, na daktari ametuonya vikali kuhusu kuku asiyeiva sawasawa. Ndiyo maana nilitoa pesa hizo zote. Kiwango cha usalama kinachojulikana ni nyuzi 74 za Selsiasi katikati ya nyama ya kuku, na 71 kwa nyama ya kusaga. Kuku akifika 74, bakteria kama Salmonella hufa papo hapo. Chini ya hapo pia hufa, lakini lazima nyama ikae kwenye joto hilo kwa muda zaidi, na mtu aliyeambiwa na simu yake kwamba kuku yuko tayari hawezi kumpa muda huo. Anamtoa jikoni.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Simu ililia kwamba kuku amefika 74, nikamwepua na kukata paja. Maji yaliyochuruzika kutoka kwenye kiungo yalikuwa mekundu, na nyama ya karibu na mfupa ilikuwa bado inang'aa, inavutika, haitaki kuachana na mfupa. Rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu kuku mchanga huweza kubaki na wekundu karibu na mfupa hata baada ya kuiva. Kwa hiyo nilichukua kipimajoto changu cha zamani, kile cha kawaida cha kuchomeka kwa mkono, nikakiingiza kwenye paja la pili sambamba na chenu. Chenu kilisoma 74. Cha zamani kilisoma 68. Kuku alirudi jikoni, na mama akala akiwa amechelewa lakini salama.

Sikutaka kuwalaumu kwa kushindanisha vifaa viwili tu, kwani hata cha zamani kingeweza kuwa na hitilafu. Nilijaza glasi barafu iliyopondwa, nikaongeza maji kidogo, nikakoroga na kuacha yatulie. Mchanganyiko huo huwa kwenye nyuzi 0, uwe Lamu au mlimani. Kipimajoto cha zamani kilisoma 0. Chenu kilisoma 6, na picha nimeiambatisha.

Sasa nije kwenye kipimo cha fundi wenu. Alichemsha maji kwenye birika la umeme, akatumbukiza kijiti, kikasoma 100, akaandika kwenye fomu kwamba kifaa ni kizima. Simlaumu yeye. Alikuwa anafuata karatasi ya maelekezo iliyobandikwa mezani pake. Lakini maji huchemka kwa nyuzi 100 mahali palipo usawa wa bahari, kama Mombasa. Kadiri unavyopanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Eldoret huchemka kwa joto la chini zaidi ya hapo. Kijiti kinachosoma 100 ndani ya maji yanayochemka Nairobi kimezidisha nyuzi 6, kiasi kile kile kilichoonekana kwenye barafu na kwenye paja la kuku. Fomu yenu yenyewe, yenye muhuri wa duka, inathibitisha ninachosema.

Jambo hili linaniumiza kuliko bei niliyolipa, kwa kuwa halinihusu mimi peke yangu. Kwa utaratibu huo, kifaa kizima kitakachosoma 94 kitahesabiwa kuwa kibovu, na kibovu kama changu kitarudishwa kwa mwenyewe akipikie watoto. Na barua pepe yenu iliyosema kwamba tofauti ya nyuzi chache ni kawaida hailingani na kasha, linaloahidi usahihi wa nusu nyuzi.

Lipo pia suala la mawasiliano na simu. Kasha linasema mita 50, bila kutaja kifuniko wala kuta. Jiko langu ni la makaa lenye kifuniko cha chuma, kama majiko mengi mnayoyauza rafu ya pili tu kutoka kwenye vipimajoto hivyo. Chuma huzuia mawimbi ya Bluetooth, na ukuta wa mawe huyadhoofisha, hivyo nikifunika jiko na kuingia ndani mawasiliano hukatika. Hilo ningelivumilia. Nisichoweza kukikubali ni kwamba programu haisemi kuwa yamekatika. Inaendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokea, kwa maandishi makubwa yale yale, na wewe unakaa ukidhani nyama bado iko 61 wakati imeshapita huko zamani. Mtengenezaji anaweza kurekebisha hili kwa kuonyesha saa ya kipimo cha mwisho na kupiga king'ora mawasiliano yakikatika. Nawaomba mumfikishie.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika na bidhaa hizo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Ninayoyaomba yako ndani ya haki hizo.

Kwanza, mnirejeshee Sh14,500 zote. Sihitaji kingine cha aina hiyo, isipokuwa mkinipimia kwenye maji ya barafu mbele yangu kabla sijakipokea. Pili, mwondoe karatasi ile ya maelekezo katika maduka yenu yote ya nyanda za juu na kuweka kipimo cha barafu mahali pake. Tatu, muwatafute wateja waliorudisha vipimajoto vyao wakaambiwa ni vizima, mvipime upya bila malipo. Namba zao za simu mnazo kwenye fomu za dhamana.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nikikosa jibu, nitawasilisha malalamiko haya pamoja na fomu ya fundi wenu kwa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) na kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kifaa ninacho nyumbani pamoja na kasha lake, na niko tayari kukileta siku yoyote ya kazi kipimwe tena, mradi kipimwe kwenye barafu.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja, Nairobi

Viambatisho: nakala ya risiti, kadi ya dhamana, fomu ya fundi yenye muhuri, picha ya kipimo cha barafu.