Mdogo wangu, kihamba, shamba letu la nyumbani, ni chako ila ule mti wa mringaringa haukuwa wako

Mdogo wangu,

Simu hupokei, meseji unasoma hujibu, kwenye grupu la familia ulishajitoa. Nakuandikia hapa kwa sababu wifi huwa anapita huku na najua atakuonyesha hata kama utajifanya hutaki kuona.

Mwaka utaisha na mimi bado ile siku ya kuondoa msiba haijanitoka. Turubai halijashushwa, tuko nyuma na kina mama wa kanisani tunasugua masufuria, mara nasikia chensoo inaunguruma kule chini kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Nikadhani ni kwa jirani. Nilivyofika nikakuta mringaringa wa Baba umelala juu ya migomba, mibuni imevunjika, mzinga mmoja umepasuka asali inachuruzika kwenye majani na nyuki wanazunguka hewani hawajui waende wapi, na wewe umesimama pale na suti ileile ya mazishi unapatana bei ya mbao na yule jamaa. Baba hata wiki hana kaburini!! Nikakuuliza, ukanijibu mbele ya wajomba wote, "Dada, wewe umeshaolewa, mambo ya kihamba hayakuhusu."

Hilo sijalimeza mpaka leo.

Najua mila, kitindamimba ndo anabaki na mji wa baba, sijawahi kukudai hata mgomba mmoja na sitakudai. Mimi ndo nilikubeba mgongoni Mama akienda sokoni, mimi ndo nilikuwa nakudanganya ukilala mapema Kibo, kilele cha Kilimanjaro, itakuja dirishani asubuhi, sasa leo nakuwa mgeni? Kihamba wamekuachia, sawa. Lakini wewe ni mzee wa kanisa, unasimama pale mbele unasoma Zaburi ya 24 kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, alafu ukishuka madhabahuni mti unakuwa wa kwako.

Ukanitupia Mwanzo, eti Mungu mwenyewe alisema tuijaze nchi na kuitiisha. Ndugu yangu, geuza ukurasa. Sura ya pili mstari wa 15 mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kulima na kutunza viko kwenye mstari mmoja huwezi kuchukua kimoja. Na Kumbukumbu la Torati 20 inakataza kukata miti ya matunda hata jeshi likiwa limezingira mji wa adui, vitani kabisa! Wewe ulikuwa unapigana na nani?

Baba hakuwa mhubiri, unajua, sala yake ndefu ilikuwa ya chakula na nayo tulikuwa tunaiombea iishe. Ila asubuhi mawingu yakifunguka Kibo ikatokea, alikuwa anavua kofia. Hasemi kitu, anavua tu kofia anasimama, akimaliza anaenda kukatia ng'ombe majani. Ibada yangu ya kwanza niliiona pale, kabla sijajua Zaburi ya 19. Ule mringaringa aliuacha kwa akili zake, kivuli cha kahawa, maua ya nyuki, majani yanaanguka yanakuwa mbolea, na mizizi inashika ukingo wa mfongo. Watu wanadhani maji yetu yanatoka kwenye barafu kule juu, wakati sehemu kubwa inatoka msituni, ule ukungu na mvua inayonaswa na miti. Yanashuka kwetu, yanaenda bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaingia mto Pangani mpaka baharini, kuna watu tambarare huko hatutawajua hata majina wanaosubiri maji yaliyopita mlangoni kwetu. Ndo maana naudhika ukisema "mti mmoja tu dada". Kila kihamba kina mwenye mti wake mmoja tu.

Na sisi ni Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT jamani, iliyoongozwa na Askofu Shoo, ambaye watu walimwita askofu wa miti, mpaka watoto wa kipaimara wanapanda miche kabla ya kubarikiwa. Mwanao wa kwanza si alipanda? Ulinitumia picha ameshika mche anacheka, umeandika "kizazi cha kijani". Bado ninayo kwenye simu.

Nimesikia unasema kwa watu kwamba mimi naongea kwa sababu niko Dar sijui bei ya ada. Bei ya ada naijua, kwangu wanasoma watatu. Na hela ya hospitali ya Baba nilituma, risiti ninazo, kama nyingine zilichelewa ni kwa sababu biashara ilikuwa imekaa vibaya na wewe nilikueleza. Na hilo la mwembe wangu nilioukata Kimara usilianzishe tena, ule mwembe ulikuwa umeliwa na mchwa, fundi mwenyewe alisema utaangukia paa, na gari lilikuwa halina pa kukaa. Sio kitu kimoja kabisa. Tena nimepanda mparachichi na mti wa mwarobaini pale getini, njoo uone.

Shangazi kanipigia juzi kwamba unataka kumtuma mjomba aniletee isale, lile jani letu la kuombea msamaha. Unajua kabisa isale haikataliwi, mimi ni Mchagga na ni Mkristo, nitaipokea kwa mikono miwili na yataisha kati yetu. Ila mimi sio niliyeangushwa pale mfongoni. Kwa hiyo mjomba akija na isale, na wewe uwe umeshachimba mashimo. Miche ya mringaringa nimeagiza, kuna mama wa kanisani ana kitalu ataileta mvua za masika zikianza, nimeshamlipa usimpe hela. Panda ukingoni kabisa, weka miiba mbuzi wasifike, na kiangazi mwagilia zamu yetu ya mfongo ikifika, usiuze zamu kama ulivyofanya mwaka jana.

Pesa ya mbao sikuulizi. Ile mizinga ya Baba iliyobaki kama hujaigawa niwekee. Na mwambie wifi maharage yamefika, yalikuwa mazuri sana.

Dada yako.