Betri ya pili ya kambini isiungwe moja kwa moja

Mhariri,

Kiangazi kimeingia na magari ya kwenda porini yamejaa gereji. Wanaokwenda kupiga kambi Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, wanaoshuka hadi Katavi, warina asali wanaolala msituni, na wale wanaoacha gari Kigoma siku tatu nne wakapande boti kwenda Gombe au Mahale, wote wanaomba kitu kimoja: betri ya pili ya kuendeshea friji, taa na chaji za simu. Ombi ni jema. Tunaloomba nafasi kulisema ni kwamba kazi hii inafungwa vibaya mno, na ubaya wake hauonekani gereji. Unaonekana alfajiri, porini, pasipo gari jingine la kukubusti.

Kosa la kwanza ndilo baba wa makosa yote. Fundi anatoa waya kwenye chanya ya betri ya gari, anaupeleka kwenye chanya ya betri ya pili, anakaza nati, basi. Hakuna rilei, yaani swichi inayojiwasha na kujizima kwa umeme, hakuna fyuzi. Injini ikizimwa, betri hizo mbili zimekuwa betri moja. Friji inazila zote usiku kucha na asubuhi starta inalia tik tik tu. Mwenye gari amenunua betri ya pili ili ya kwanza isalimike, kumbe zote zimekwenda pamoja. Na ikiwa moja imechoka, inainyonya nzima hata gari likiwa limeegeshwa nyumbani, mpaka zote mbili ziwe mbovu.

Kinachotakiwa katikati ni rilei ya kutenganisha inayohisi volti. Inaunga betri mbili pale volti ya betri ya gari inapofika kama 13.3, yaani altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, imeanza kuchaji, na inaziachanisha ikishuka kama 12.8. Ikikosekana hiyo, rilei kubwa ya kawaida inafanya kazi, lakini iwe ya kukaa imeshika muda wote, ya ampea 100 au zaidi. Rilei ya starta haifai hapa hata kama inafanana nayo kwa umbo. Hiyo imetengenezwa kushika sekunde chache. Ukiilazimisha kushika saa tano barabarani, koili yake inaungua. Rilei ya honi ya ampea 30 nayo inayeyuka kiti chake.

Rilei ya kawaida iamshwe na waya wa taa ya chaji ya altaneta, sio waya wa swichi ya ufunguo. Ukiiamsha kwa swichi, wakati wa kuwasha gari betri zote mbili zinasukuma starta kwa pamoja, na mamia ya ampea yanatafuta njia kwenye waya ambao haukupimiwa kazi hiyo. Fyuzi inakatika, au isipokuwepo, waya unaungua.

Sasa waya wenyewe, na hapa ndipo watu wanapotaka kuokoa hela. Chukua umbali wa kawaida wa Land Cruiser, meta 5 kutoka boneti hadi nyuma, na meta 5 za kurudi kwenye hasi. Pitisha ampea 40. Waya wa shaba wa 2.5 (milimita za mraba), huu unaotandazwa kwenye soketi za nyumba, unapoteza zaidi ya volti 2.7 njiani na kutoa joto la wati zaidi ya 100. Hiyo si nyaya tena, ni pasi. Waya wa 6 unapoteza volti 1.15. Wa 16 unapoteza kama 0.43, na wa 25 unapoteza kama 0.28. Altaneta ikitoa volti 14.2, betri ya nyuma kwenye waya wa 6 inapata 13 na kitu, na kwa volti hiyo safari ya mchana mmoja haiijazi. Betri ya risasi isiyojaa kila mara, mabamba yake yanaota salfeti ngumu isiyoyeyuka tena, na mwenye gari anakwenda kumlaumu aliyemuuzia betri. Sisi tunafunga wa 25, na wa 16 pale betri ya pili inapokaa mbele karibu na ya kwanza. Kabla ya kulipa, kwangua ncha ya waya kwa kisu: zipo nyaya sokoni zenye rangi ya shaba juu na alumini ndani, nazo zinapoteza volti zaidi kwa unene uleule.

Fyuzi ziwe mbili, na hili mafundi wengi hulibishia. Waya huu una betri kila upande. Ukikatika katikati na kugusa chasi, fyuzi ya mbele itakatika, lakini betri ya nyuma itaendelea kulisha shoti hiyo mpaka kitu kishike moto. Kwa hiyo weka fyuzi ya ampea 100 kwa waya wa 25, au 80 kwa waya wa 16, kila upande, ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha betri. Fyuzi inalinda waya, hailindi friji. Ukubwa wake unafuata unene wa waya na si kitu kingine.

Fungua gari lililofungwa ovyo baada ya mwaka mmoja wa barabara za vumbi, uangalie pale waya unapopenya ukuta wa chuma kati ya injini na ndani. Tundu halina mpira. Ganda la waya limelika upande mmoja, nyuzi za shaba ziko wazi zimeshika ukijani, na kwenye ukingo wa chuma kuna madoa meusi madogo ya cheche. Juu yake pamezungushwa soletepu iliyolegea kwa joto na kunata vumbi. Mpira wa tundu ni kitu cha bei ndogo kabisa katika kazi hii yote. Waya upite ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, ufungwe kila sentimita 30, mbali na ekzosi.

Vishikio vya mwisho wa waya vibanwe kwa mashine ya kubania, sio kugongwa kwa nyundo. Wapo wanaojaza risasi ya kulehemu wakidhani wameimarisha. Risasi inapanda ndani ya nyuzi, inazifanya ngumu kama kijiti, na mtikisiko wa barabara unazivunja pale ugumu unapoishia. Mashine hiyo mafundi wa nyaya kubwa za umeme wanayo. Azima au walipe wabane.

Mahali pa kuiweka betri panategemea aina. Betri ya maji inatoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo haifai kukaa ndani mnamolala watu. Ikibidi, iwe kwenye sanduku lililofungwa lenye bomba la kutolea gesi nje. Betri iliyozibwa inaweza kukaa ndani, lakini usiibanike chini ya boneti pembeni ya injini, maana joto linakula umri wake haraka. Betri ya risasi ya ampea-saa 100, yaani ya kutoa ampea 5 kwa saa 20, ina uzito wa karibu kilo 30. Ifungwe kwa bolti na mkanda wa chuma, sio kamba ya mpira. Gari likifunga breki ghafla, kilo 30 hizo zinaruka.

Tahadhari kwa wenye gari la volti 24, yaani Coaster, Canter na baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani. Gari hilo lina betri mbili tayari, zimeungwa mfululizo, na kuna mtindo wa kuchomoa volti 12 kwenye betri moja tu ili kulisha redio na friji. Usikubali. Betri inayochomolewa inabaki na njaa, mwenzake inachajiwa kupita kiasi mpaka inakauka maji, na zote zinakufa. Tumia kipunguza volti kutoka 24 kwenda 12, au chaja ya kati inayopokea 24 na kuchaji betri ya pili ya 12. Zipo pia Land Cruiser zenye betri mbili zilizounganishwa sambamba, za volti 12. Kwa hiyo usihesabu betri. Pima kwa mita.

Kwa betri ya lithiamu, rilei peke yake haitoshi. Lithiamu inapokea umeme bila kusita, nayo altaneta inasukumwa kutoa kila ilichonacho mpaka inachemka, hasa injini ikiwa imewashwa gari limesimama. Weka chaja ya kati ya ampea 20 au 30 inayopima kiasi cha kupitisha. Chaja hiyo inafaa pia kwa gari jipya ambalo altaneta yake inashusha volti yenyewe ikiona betri ya mbele imejaa.

Hesabu ya matumizi ifanywe kabla ya kununua chochote. Friji ya gari ya lita 40 inakula kama ampea 4 kompresa ikizunguka. Kwenye joto la Septemba na Oktoba chukulia inazunguka nusu ya muda: hiyo ni ampea-saa 48 kwa siku. Taa za LED za wati 10 kwa saa tano ni ampea-saa 4, simu tatu nyingine 4. Jumla 56. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia. Hazifikishi hata siku moja nzima. Anayeliacha gari Kigoma na friji imewaka siku nne akiwa Mahale, betri moja haimtoshi kwa namna yoyote. Ama azime friji, ama aweke paneli ya sola: ya wati 200 kwenye jua zuri inarudisha ampea-saa kama 50 kwa siku, mradi gari halikuegeshwa chini ya mwembe.

Na usitegemee safari fupi. Betri ya risasi iliyofika nusu inapokea vizuri saa mbili za mwanzo, kisha asilimia 20 ya mwisho inataka saa nne au zaidi, kwa sababu inapokea kidogo kidogo. Tabora hadi Urambo hakuijazi.

Waya wa friji utoke moja kwa moja kwenye betri ya pili, uwe wa 6, na fyuzi ya ampea 15. Plagi ya kiberiti cha sigara inatikisika barabarani, inalegea na kupata moto. Tumia soketi ya kukaza. Hasi ifungwe kwenye chasi iliyosuguliwa mpaka chuma king'ae, kisha ipakwe grisi. Wakati wa kazi hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, na pete ivuliwe kidoleni.

Mwenye gari asilipe kabla ya kuona mita. Injini ikiwa imezimwa saa kadhaa, betri zisome tofauti, hata kwa nukta. Zikisoma sawasawa kabisa, washa taa za kambi fyuzi zote zikiwa mahali pake, betri ya mbele isitikisike. Washa injini, subiri dakika mbili: vichwa vya betri ya nyuma visome 14 au karibu, na tofauti na betri ya mbele isizidi nusu volti. Ikizidi, shika vishikio kimoja kimoja kwa mkono. Kilicho cha moto ndicho kibovu.

Mafundi umeme wa magari,
Isevya, Tabora