YAH: Malalamiko ya kumshusha mama yangu kwenye boti ya kwenda kumwona papa potwe, Kilindoni, Mafia

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Nawaandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo mama yangu hakuipata kwenu.

Masharti yenu mnayajua, sina haja ya kuwasomea. Aliyelipia kiti, kiti ni chake. Sasa mjue kilichofanyika ufukweni Kilindoni asubuhi ile. Mama alishapanda boti, ameketi, jaketi la kuokolea limeshafungwa, ndipo mfanyakazi wenu akaja na kundi la watalii kutoka hotelini, akamwambia: "Bibi, shuka kidogo, wewe utaenda na boti ya pili." Hakuuliza jina. Risiti niliyomnyooshea mbele ya uso hakuitazama. Mama akashuka.

Mama ni mtu wa Kilwa. Amekua akisikia wavuvi wakimtaja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hana habari na mtu, chakula chake ni uduvi, vidagaa na vijidudu vya baharini. Hajawahi kumwona kwa macho yake. Ndiyo maana tulichagua Januari, kwani kuanzia Oktoba hadi Machi potwe husogea karibu kabisa na Kilindoni. Tulipanda gari mpaka Nyamisati, tukavuka kwa kivuko, mama akitapika njia nzima na bado anasema twende. Na usiku wa kuamkia siku hiyo mlinipigia simu nyinyi wenyewe kuthibitisha: saa moja asubuhi, viti vyenu vipo, msiwe na wasiwasi.

Hiyo boti ya pili iliondoka jua limeshapanda, upepo wa kaskazi umeshaichafua bahari. Tulimkuta potwe mmoja, boti zimemzunguka kila upande. Nahodha wenu, badala ya kukaa ubavuni mwake na kusubiri, alimkatia mbele huku injini inanguruma. Watu wakaambiwa waruke, waruke haraka, na mmoja akamshika pezi. Mnajua fika kwamba kumgusa ni marufuku. Samaki akazama, basi. Mama aliambulia kivuli na yale madoa meupe ya mgongoni, kisha maji matupu. Watu wangapi Mafia wanapata riziki kwa samaki huyu? Nanyi ndio mnaomfukuza.

Lakini kinachoninyima usingizi ni kule kushushwa. Naeleza tena, maana mwenzenu wa ofisini aliponijibu kwenye simu alikuita "mabadiliko madogo ya ratiba". Mama amepita miaka 70. Boti ilishasukumwa, pale alipotakiwa kushuka maji yanafika mapajani. Mfanyakazi wenu alimfungua lile jaketi kifuani, mkanda mmoja baada ya mwingine, watu wote wanatazama, akamvalisha mtalii lilelile, bado lina joto la mwili wa mama. Aliyeona haya ni kijana mmoja tu wa boti, ndiye aliyempa mkono. Kanga ikalowa mpaka kiunoni. Mama akasimama mchangani anaikamua, akaniambia, "Basi mwanangu, usigombane na watu." Nilinyamaza kwa ajili yake. Yeye alilipa shilingi, wao walilipa dola, na sijaona sababu nyingine mpaka leo.

Siku ile niliomba mturudishie nauli ya boti tu, mkasema fedha ikishaingia haitoki. Sasa nazitaka zote, za boti, za kivuko na za nyumba ya wageni. Nataka pia barua ya kumwomba radhi mama, iliyoandikwa kwa jina lake na kusainiwa na wewe Meneja, si karani. Na nielezwe nahodha yule mmemchukulia hatua gani.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, barua hii, risiti na picha nilizopiga pale ufukweni zitafika Tume ya Ushindani, zitafika kwa watu wa Hifadhi ya Bahari, na zitafika wizarani kwa wanaotoa leseni za utalii. Hapo sitazungumzia nauli tena, nitaomba leseni yenu ichunguzwe. Na ikibidi kurudi Mafia kuonana na Mkuu wa Wilaya ana kwa ana, nitarudi.

Namba yangu ya simu mnayo. Mkipiga, msinieleze habari za ratiba.

Mteja wenu